Stabilaiza ya stelingi kwenye motohomu: sikiliza kwanza gari linalalamika nini

Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio. Baada ya miaka mingi ya kuendesha malori alinunua kitu alichokuwa akikitamani siku zote: motohomu iliyotumika, ile nyumba ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo nyuma ya kiti cha dereva. Urefu wake futi 31, chesisi ni Ford F-53, injini V10. Safari ya kwanza wakaelekea magharibi na watoto. Walipofika Wyoming kwenye barabara kuu ya I-80, kati ya Laramie na Rawlins, akanipigia simu usiku.

"Shemeji, mikono inaniuma mpaka mabegani. Hili gari siliendeshi, napigana nalo. Nimeambiwa nifunge stabilaiza ya stelingi. Nichukue ipi?"

Swali lake lilikuwa na kosa ndani yake, na nimelisikia kosa hilohilo kwa wenzetu wengine kadhaa wanaozungumza Kiswahili huko Marekani walionunua au kukodi magari haya. Stabilaiza ya stelingi, kifaa cha kutuliza usukani, ni kitu kizuri. Lakini jina hilo moja linabeba vifaa vya aina tatu vinavyofanya kazi tofauti, na watu wengi huvinunua kutibu ugonjwa ambao hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoutibu.

Tuanze na jina lenyewe, maana kwa waliokulia gereji za kwetu linachanganya. Ukimwambia fundi wa Ilala au Gikomba "stabilaiza", atafikiria ule mtaimbo uliopinda unaounganisha upande wa kulia na wa kushoto ili bodi lisilale kwenye kona, pamoja na linki na bushi zake. Hicho ni kitu kingine, na tutakirudia. Stabilaiza ya stelingi hulala mlalo mbele, jirani na ekseli. Ncha moja hushikwa kwenye chesisi au ekseli, nyingine kwenye tairodi, yaani ule mtaimbo unaofanya magurudumu mawili ya mbele yageuke kwa pamoja. Aliyewahi kuingia chini ya Land Cruiser za safari pale Arusha ameshamwona ndugu yake: ile shokapu nyembamba iliyolala, ambayo Toyota huifunga kiwandani kwenye zile zenye ekseli nzima ya mbele.

Malalamiko matatu

Gari linaweza kumsumbua dereva wake kwa njia tatu kwenye usukani, na kila njia ina neno lake.

La kwanza ni kutetemeka. Unapiga shimo au kiungo cha daraja, usukani unaruka mkononi, magurudumu yanacheza kushoto na kulia kwa kasi, kisha yanatulia. Yasipotulia, gari zima linatikisika mpaka upunguze mwendo. La pili ni kutangatanga: hakuna mtikisiko, lakini gari halishiki njia. Linakwenda kushoto kidogo, unalirudisha, linapitiliza kulia, unalirudisha tena, na hivyo kwa maili 400. La tatu ni kuvutwa, pale gari linapokwenda upande mmoja tu kila ukilegeza mkono, iwe kwa upepo, kwa mteremko wa barabara kuelekea kando, au kwa tairi lililopasuka.

Nilimuuliza shemeji linamfanyia lipi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Linatangatanga. Na lori likinipita, linanisukuma nje kwanza, halafu linanivuta ndani."

Hapo ndipo penye fundo. Kutetemeka kunatulizwa na shokapu. Kuvutwa kunapunguzwa na springi. Kutangatanga, mara nyingi, kunatokana na ulegevu, uzito, upepo wa matairi au alaimenti (yaani jinsi magurudumu yalivyopangwa kukaa na kuelekea), na kifaa chochote utakachokifunga juu ya matatizo hayo kitayafunika tu.

Vifaa vyenyewe

Aina ya kwanza ni shokapu tupu. Ndani kuna oili na pistoni yenye matundu. Ukiisukuma polepole inakubali, ukiisukuma kwa ghafla inagoma. Ndiyo maana inameza mrusho wa shimo bila kukuzuia kukata kona. Bilstein na Koni hutengeneza za namna hii. Jambo la kukumbuka ni kwamba haijui katikati ni wapi. Usukani ukiwa umegeuka digrii kumi na umetulia, shokapu hii haina habari. Haiurudishi. Ikiwa ngumu mno inafanya kinyume: inachelewesha magurudumu kujirudi yenyewe baada ya kona, na dereva anahisi gari limekuwa zito na la kutangatanga zaidi kuliko mwanzo.

Na hapa nataka kumwomba fundi yeyote mwenye mikono ya ubunifu asichukue shokapu ya kawaida ya springi za gari akaifunga mlalo. Najua tunavyoishi, tunafanya kitu kifae pale kilipokosekana. Lakini shokapu ya gari kwa kawaida hugoma zaidi inapovutwa kuliko inapobanwa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia springi isirushe bodi. Ya stelingi lazima igome sawasawa pande zote mbili. Ukifunga ile nyingine, usukani utakuwa mwepesi kulia na mzito kushoto, au kinyume chake. Zaidi ya hapo, shokapu zenye gesi ya naitrojeni ya msukumo mkubwa hujinyoosha zenyewe: ibane kwa mkono kisha uiachie, utaona fimbo inatoka polepole. Ikifungwa kwenye tairodi itausukuma usukani upande mmoja mchana kutwa. Tena nyingi zimetengenezwa zisimame wima. Zikilala, hewa inaingia mahali pa oili na zinabaki na nafasi tupu ndani isiyozuia kitu.

Aina ya pili ina springi juu ya shokapu. Roadmaster wanaiita Reflex, na Safe-T-Plus ni jina jingine utakalolisikia kila unapokutana na wenye motohomu. Springi imepangwa ili iwe na sehemu moja ya kupumzikia. Ukiitoa hapo kwenda upande wowote, inasukuma kurudi. Kwa hiyo kifaa hiki kinajua katikati ni wapi, na ndicho ambacho watu hukimbilia wakiwa na hofu ya tairi la mbele kupasuka. Hofu hiyo ina msingi. Tairi la mbele likipasuka, upande ule unashuka na unaburuta, na nguvu inayovuta usukani ni kubwa kuliko ambavyo dereva aliyeshtuka anaweza kujibu katika nusu sekunde. Springi inaanza kupinga tangu inchi ya kwanza, kabla ubongo wako haujaelewa ni mlio gani ule.

Aina ya tatu inafanya kazi ya hiyo ya pili, lakini katikati yake unaweza kuihamisha ukiwa kwenye kiti. Blue Ox TruCenter ndiyo inayojulikana zaidi. Kuna kitufe kwenye dashibodi. Unakibonyeza, kifaa kinaachia, unaushika usukani pale gari linapokwenda wima, unaachia kitufe, na hapo pamekuwa katikati mpya. Uzuri wake unaonekana mahali kama Wyoming. Upepo wa kule unavuma upande mmoja kwa masaa, na mamlaka ya barabara ya jimbo hilo hufunga I-80 mara kwa mara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu. Ubavu wa motohomu ya futi 31 una eneo la ukuta wa nyumba ndogo. Ili uende moja kwa moja lazima ushike usukani umegeuka kidogo kuelekea upepo, na kama una springi yenye katikati isiyohama, utakuwa unapigana na upepo na springi yako pia. Ya kitufe inaondoa pambano hilo. Ila upepo ukikoma unapaswa ukumbuke kubonyeza tena, la sivyo gari litaanza kukuvuta lenyewe.

Kwa bei, shokapu tupu ndiyo nafuu, ya springi inafuata, ya kitufe ni ghali kuliko zote, na tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu si ndogo.

Kabla ya kununua, ingia uvunguni

Shemeji aliporudi Ohio nilikwenda kumtembelea, tukaanza na mizani. Kwenye vituo vya malori vya Marekani kuna mizani za CAT zenye majukwaa yaliyotengana, hivyo ekseli ya mbele inapimwa peke yake na ya nyuma peke yake kwa pita moja. Tulipima gari likiwa na maji, mafuta, vyombo na familia nzima, kama linavyosafiri. Mbele pauni 5,400, nyuma 11,300. Yaani chini ya theluthi ya uzito ndiyo iliyokuwa juu ya magurudumu yanayogeuza.

Sababu ilikuwa nyuma kabisa, kwenye sanduku kubwa lililo uvunguni, nyuma ya ekseli. Alikuwa ameweka jenereta ya akiba, madumu ya maji, zana na viti vya chuma. Kila pauni iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma inafanya kazi ya bembea: inaongeza uzito nyuma na inanyanyua mbele. Na gari lenyewe lilikuwa na umbo linalochochea hilo. Wazoefu wa motohomu hugawanya umbali kati ya ekseli mbili kwa urefu wa gari zima, na hupendelea jibu lisipungue asilimia 54 hivi. Hili lilikuwa inchi 190 kwa inchi 372, asilimia 51. Mkia mrefu. Lori linapopita, hewa inayosukumwa mbele na pua yake inagonga mkia huo kwanza, mkia unasukumwa nje, na pua ya motohomu inageukia kwenye lori. Ndicho alichonieleza usiku ule bila kujua jina lake. Stabilaiza ya stelingi haiwezi kukizuia, kwa sababu msukumo haukuanzia kwenye stelingi. Kinachosaidia hapo ni kuhamishia mizigo mbele, bushi nzuri za ile stabilaiza nyingine ya bodi, na kwenye F-53 wengi huongeza mtaimbo wa nyuma unaozuia bodi kuteleza kando juu ya springi.

Halafu upepo wa matairi. Alikuwa amejaza kipimo cha juu kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kama alivyozoea kwenye lori. Namba ile ni ya tairi lililobeba mzigo wake wa mwisho. Yeye alikuwa na pauni 2,700 kwa kila tairi la mbele, mbali kabisa na mwisho huo, na tairi gumu lenye mzigo mdogo linagusa barabara kwa ukanda mwembamba katikati. Linapapasa, halishiki. Kila mtengenezaji wa matairi ana jedwali linaloonyesha upepo unaotakiwa kwa kila uzito. Unapima, unasoma, unajaza, na matairi ya ekseli moja yanapata upepo uleule kwa kufuata upande ulio mzito. Jambo hili halikutugharimu zaidi ya ada ya mizani, na shemeji alihisi tofauti kabla hatujatoka mjini.

Tulipokuwa kwenye matairi nilisoma pia namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3516 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2016. Tairi la motohomu hufa kwa uzee likiwa bado na meno mazuri, kwa sababu gari husimama miezi mingi juani. Mtu anayenunua kifaa cha kumkinga na tairi kupasuka huku akitembelea matairi ya miaka kumi ameanzia mwisho.

Kisha ulegevu. Jaribio hili ningependa kila mtu alifanye. Gari lisimame kwenye sakafu ngumu, breki ya mkono, kabari kwenye magurudumu ya nyuma, injini iwashwe ili pawa stelingi ifanye kazi. Mmoja akae kwenye usukani augeuze kidogo tu, kama kutoka namba 11 hadi namba 1 kwenye uso wa saa, kwenda na kurudi bila kusimama. Mwingine alale kando ya gurudumu la mbele na tochi, nje ya njia ya tairi, akifuata msogeo kutoka boksi la stelingi, kwenye mkono wake, kwenye draglinki (chuma kinachopeleka msukumo wa boksi kwenye magurudumu), kwenye tairodi, mpaka kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia). Unatafuta mahali ambapo kipande kimoja kinasogea na jirani yake bado amelala. Kwetu palikuwa mwisho wa draglinki. Niliweka kidole juu ya kiungo, nusu kwenye chuma hiki na nusu kwenye kile, nikasikia kabisa kimoja kinateleza kabla ya kingine. Mwanga haukuonyesha kitu, kidole ndicho kilichojua. Juu kwenye usukani, ulegevu huo mdogo ulikuwa karibu inchi mbili za kugeuza bure. Kwenye chesisi za zamani za Chevrolet P-30 kuna kiungo kingine cha kuchunguza, kono la kati linalopokea msukumo na kuugeuza, ambalo huchakaa bila kelele.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa ya kuanza na stabilaiza. Springi ikifungwa kwenye stelingi iliyolegea inaubana ule ulegevu upande mmoja, na dereva anapumua: gari limetulia! Kiungo kinaendelea kulika kimyakimya, na ile dalili iliyokuwa ikimwonya imeondolewa. Kiungo cha stelingi kikiachia katikati ya barabara kuu hakuna springi itakayokuokoa.

Mwisho alaimenti, na hasa kasta. Mtazame mtoto anayeendesha baiskeli akiachia mikono. Inamshika njia kwa sababu uma wa mbele umelala nyuma kidogo, hivyo gurudumu linaburutwa nyuma ya mhimili wake na linajinyoosha lenyewe. Gari lina mlalo uleule, ndio unaoitwa kasta, na mkia ukishuka au ukipanda mlalo huo unabadilika. Ukiwa mdogo, usukani haurudi wenyewe na gari linatangatanga. Kwenye ekseli nzima kama ya F-53 unasahihishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli; kwenye Ford E-450, ambayo ndiyo chini ya motohomu nyingi zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, ni kwa bushi maalumu. Nenda gereji ya malori, gari likiwa limebeba mzigo wa safari. Mahali pa magari madogo watakusawazishia magurudumu yasilike na kukuacha na kasta ileile.

Sasa uchague

Baada ya hayo yote shemeji aliendesha mpaka Tennessee na kurudi. Kutangatanga kulikwisha. Kilichobaki ni usukani kuruka kwenye viungo vya madaraja, na hofu yake ya tairi. Kwa hali hiyo jibu lilikuwa jepesi: ya springi, kwa sababu inatuliza mrusho na inajua katikati, na njia zake za kawaida hazina upepo wa kudumu wa kumfanya ahitaji kitufe. Angekuwa mtu wa Wyoming, Kansas au Texas magharibi ningemshauri alipe zaidi achukue ya kitufe. Na mwenye E-450 yenye kasta nzuri anayelalamikia mashimo tu, shokapu tupu yenye ubora inamtosha.

Unaponunua, agiza kwa chesisi na mwaka wake, tena ukijua uzito wa ekseli ya mbele, kwa kuwa nguvu ya springi hupangwa kwa uzito huo. Ikiwa laini mno haifanyi kazi. Ikiwa ngumu mno utakata kona ya kituo cha mafuta kwa mabega. Kifungeni, kisha geuza usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto mwenzako akiangalia chini. Fimbo isifike mwisho wake kabla magurudumu hayajafika mwisho wao. Ikifika, kifaa kimegeuka kuwa kizuizi cha stelingi, na kitakachopinda kwanza ni breketi au tairodi. Angalia pia kisiguse tairi, springi wala sampu ya injini.

Jua vilevile la kufanya tairi la mbele likipasuka hata ukiwa na kifaa bora. Madereva wa magari makubwa Marekani hufundishwa kutokanyaga breki. Unashika usukani wima na kuongeza mafuta kwa muda mfupi, kwa sababu msukumo wa kwenda mbele ndio unaoshindana na upande unaoburuta. Gari likishanyooka unaachia mafuta polepole mpaka lijiishie nguvu kando ya barabara. Springi inakununulia ile sekunde ya kufanya hivyo.

Kutafuta katikati kulituchukua mchana mzima, na ndiyo kazi ambayo gereji nyingi huifanya kwa haraka wakiwa wamesimama uwanjani. Magurudumu yanayoonekana yamenyooka kwa macho si lazima yawe yale yanayokwenda moja kwa moja barabarani. Tulichagua asubuhi isiyo na upepo na barabara bapa. Yubolti za kushika tairodi tuliziacha zimelegea kiasi cha kuteleza, akaendesha polepole mpaka gari likashika njia lenyewe, akasimama bila kugeuza usukani, nikaingia nikakaza. Akajaribu kwa maili 55 kwa saa. Lilivuta kulia kidogo. Tukalegeza, tukasogeza breketi upana wa ukucha, tukakaza, akajaribu tena. Mara ya nne alirudi akiwa ameshika usukani kwa vidole viwili.

Kabla sijaondoka nilichukua rangi nyeupe, nikapiga mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye breketi mpaka kwenye tairodi. Siku gari likianza kuvuta tena, shemeji ataanza kwa kuchungulia pale: mstari ukiwa umekatika, breketi imeteleza na spana inatosha, ukiwa bado mzima, arudi kwenye matairi na viungo.